Namba ya Mkunga

Kaeni. Mliosimama mlangoni ingieni, mabenchi ya mbele yako wazi na hayaumi. Leo sikuja na mkulima, wala mfugaji, wala yule bwana wa kujenga nyumba. Hao mmewazoea, nikiwataja tu kuna watu wanaanza kusinzia, na nawajua. Leo nimekuja na mkunga. Tena niwaambie mapema kabisa, nimekuja na hasira. Mfano huu nimeutunga mwenyewe juzi pale ofisini, na kila mstari niliouandika ulinichemsha damu. Kwa hiyo mkiona sauti inapanda msiulizane mchungaji kapatwa na nini. Kabla hatujatoka hapa nitawaambia.

Kulikuwa na mkunga mmoja katika hospitali moja. Mama mtu mzima, miaka ishirini na sita yuko wodi ya wazazi. Nusu ya mji ule ilipita mikononi mwake ikiwa na kilo tatu. Akienda sokoni, wanaume wazima wenye ndevu zao wanamwamkia, naye anawakazia macho: "Marahaba. Wewe ndiye yule uliyetanguliza miguu?" Watu wanacheka, yeye anachagua nyanya zake.

Na alikuwa mtu wa kuandika. Hakumruhusu mzazi aende nyumbani kabla hajaandika habari zake zote: alipata shida gani, alitokwa na damu kiasi gani, dawa gani ilimfaa na dawa gani ilimkataa. Zamani aliandika kwenye majalada ya karatasi. Zikaja kompyuta, akaguna, akajifunza kwa kidole kimoja, akaendelea kuandika.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, hata ninyi msiopenda mambo ya kompyuta. Mafaili yote ya hospitali yalikaa kwenye mashine moja kubwa, wanaiita seva, imefungiwa chumba chake, inavuma mchana kutwa. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake humo. Ukiandika faili, ile mashine haishiki jina lako wala sura yako wala miaka yako kazini. Inashika namba. Inaandika tu: hili ni mali ya namba tatu. Anayekuja na namba tatu, inamfungulia. Anayekuja na namba nyingine, inamkatalia. Mkunga wetu ndiye aliyekuwa namba tatu, kwa sababu siku ile mashine ya kwanza ilipoletwa alikuwa kazini, akaandikishwa baada ya mfamasia na mtu wa maabara. Kompyuta ya wodi ya wazazi ilifanya kazi kwa namba hiyo. Wazazi wote, miaka yote, walikuwa chini ya namba tatu.

Basi ile seva ikazeeka. Hospitali ikanunua mpya. Akaletwa fundi, kijana msomi, mpole, shati limepigwa pasi, kwamba ahamishe kila kitu kutoka mashine ya zamani kwenda mpya. Akaanza kwa kuwaandikisha watu upya. Katibu wa hospitali akamletea orodha mkononi, akamwambia, "Fundi, uzingatie itifaki. Anza na wakubwa."

Mnaguna? Subirini, mtaguna vizuri baadaye.

Fundi akaanza na wakubwa. Mlezi wa hospitali, namba moja. Makamu wake, namba mbili. Mwenyekiti wa bodi, namba tatu. Akashuka hivyo hivyo, wajumbe wa bodi, wake wa wajumbe waliokuwa kwenye kamati ya mapambo, katibu, msaidizi wa katibu, dereva wa mwenyekiti. Mkunga akapata namba arobaini na moja, baada ya dereva. Hakuna aliyemdharau makusudi. Hivyo ndivyo tunavyoorodhesha watu kwetu, si ndivyo? Hata kadi za harusi tunaandika hivyo.

Halafu fundi akahamisha mafaili. Kazi ya siku mbili. Akahesabu yaliyotoka, akahesabu yaliyofika, hesabu ikawa moja. Jumatatu asubuhi wakakata utepe, picha zikapigwa, soda zikanyweka, mashine ya zamani ikafutwa na kubebwa. Majalada ya karatasi nayo yalikuwa yameshachomwa moto, maana mtu alisema yanaleta panya. Mkunga hakukaa kwenye soda. Alirudi wodini kwake, kulikuwa na watu wanazaa.

Saa nne ya asubuhi hiyohiyo akaletwa mama mmoja. Ujauzito wa pili. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka tangu jana yake, mwili unawaka homa, uchungu unakuja na kukatika. Daktari akampima, akasema mara moja, "Huyu ana maambukizi. Achomwe sindano sasa hivi, la sivyo tutampoteza mtoto na mama pia." Mama akamshika mkunga kwenye mkono, akasema kwa shida:

"Mama, kuna sindano inaniua. Mtoto wa kwanza, hapahapa, mlinichoma nikavimba uso, pumzi zikakata."

"Sindano gani, mwanangu?"

"Mimi najuaje? Si mliandika ninyi?"

Kweli waliandika. Mkunga alimkumbuka sasa, ule uso uliovimba mpaka macho yakafunga, na alikumbuka kabisa alivyokaa usiku ule akaandika jina la dawa. Jina lenyewe ndilo lililomtoka. Ungeshika majina ya dawa za wanawake elfu ngapi kichwani? Kadi ya kliniki aliyokuja nayo ilikuwa ya ujauzito huu tu. Kwenye trei palikuwa na dawa mbili, yoyote ingefanya kazi. Moja katika hizo mbili huenda ndiyo iliyotaka kumuua.

"Daktari, nipe dakika tano," mkunga akasema. "Jina lipo kwenye faili lake."

Akakaa kwenye kompyuta. Akaingia. Akaandika jina la mama yule, na faili likatokea palepale, jina lake kamili, mwaka, tarehe ya uzazi wa kwanza. Akabonyeza. Kikaja kibandiko chekundu: HUNA RUHUSA YA KUFUNGUA FAILI HILI.

Akabonyeza tena. Huna ruhusa. Akajaribu la mzazi mwingine. Huna ruhusa. La tatu, la nne. Huna, huna, huna! Mafaili aliyoandika yeye, kwa kidole chake kimoja, miwani imeteleza puani, na leo anaambiwa hana ruhusa. Jamani, hebu jiwekeni pale. Nyuma yako mtu analia kwa uchungu, mbele yako jibu unaliona kwa jina, na mashine inakuuliza wewe ni nani.

Mkunga hakulia. Hasira ilimpanda mpaka akahisi masikio yamekuwa ya moto. Akatoka mbio na kandambili zake za wodini, akavuka uwanja, akausukuma mlango wa fundi bila kubisha hodi.

"Shikamoo mama," fundi akasema, akainuka.

"Marahaba. Nifungulie mafaili yangu."

"Labda umekosea neno la siri, mama. Siku ya kwanza watu wengi—"

"Sijakosea kitu! Nimeingia. Faili naliona. Linanikatalia."

"Lakini mama, hakuna kilichopotea. Nimehesabu mwenyewe, yote yapo."

"Nani kakwambia yamepotea? Yangekuwa yamepotea ningejua moja! Yapo, na sifunguliwi. Nina mzazi anakufa kule. Angalia."

Fundi akaangalia. Akabonyeza hapa na pale, akasogeza uso karibu na kioo, na mkunga akaona shingo yake inatoka jasho. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa, mbele ya kila faili la kila mzazi, toka la kwanza mpaka la mwisho: mmiliki, mwenyekiti wa bodi.

Mkunga akasoma mara mbili.

"Mwenyekiti wa bodi?" akasema. "Mwenyekiti amemzalisha nani?"

Fundi akamweleza, maskini, kwa sauti ya chini. Kwamba mafaili yamekuja na namba zake za zamani. Kwamba ya wazazi yote yalikuwa ya namba tatu, na kwenye mashine mpya namba tatu kapewa mwenyekiti, maana orodha ilianza na wakubwa. Kwamba alihesabu mafaili na hakuangalia ya nani.

"Rekebisha basi!"

"Naweza kufungua yote kwa watu wote, mama. Kila mwenye namba asome. Hapo hatakataliwa mtu."

"Wee!" Mkunga akapiga meza. "Dereva asome nani ana ugonjwa gani? Mke wa mjumbe asome nani alitoa mimba? Wale wanawake waliniambia mimi, hawakuutangazia mji. Sitaki ufungulie kila mtu. Nirudishie mimi kilicho changu, basi."

"Hilo nalo naweza, ni mstari mmoja tu," fundi akasema. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe. Halafu vikasimama. "Lakini mama, nitakuwa namwondolea mwenyekiti mafaili yaliyo kwa jina lake. Mimi ni mtu wa mkataba. Niulize kwanza kwa katibu."

Mnasikia hilo neno? Niulize kwanza. Mtu anaungua homa, na dawa yake ni mstari mmoja, na mwenye uwezo wa kuuandika amekaa palepale kwenye kiti. Angekuwa mtu mbaya ningemsamehe upesi zaidi. Hakuwa mbaya. Alikuwa mwoga tu, kama wengi wetu humu.

Wakamkimbilia katibu. Katibu alikuwa anamsindikiza mgeni wa mwisho wa soda. Mkunga akamweleza kwa maneno kumi. Katibu akaweka mkono kidevuni.

"Mama, nakuelewa sana," akasema. "Sana. Ila mwenyekiti akija kusikia kwamba siku ya kwanza tu tumemnyang'anya kitu bila kumwambia, atatuonaje? Ndiye aliyetutafutia hii mashine. Ngoja nimpigie, ni suala la adabu tu."

"Adabu?" Mkunga alitaka kumkaba. Nasema kweli, alizitazama tai na shingo ya yule bwana akaona jinsi ambavyo mikono yake ingeenea. "Nina mtu anakufa, wewe unaniambia adabu?"

"Mama, tusipandishe sauti mbele ya wageni."

Katibu akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, inatumika. Akangoja kidogo, maana si vizuri kumsumbua mkubwa. Mkunga amesimama pale, anahesabu moyoni pumzi za mama aliyemwacha kitandani. Mara ya nne mwenyekiti akapokea. Katibu akaanza na salamu. Akaulizia familia. Akaulizia mvua za huko! Mkunga akamkwapua simu mkononi.

"Mwenyekiti, mimi ni mkunga. Mafaili ya wazazi yako kwa jina lako. Naomba ruhusa nirudishiwe."

Halafu sauti ya mzee yule, ya mtu aliyeshangaa kwelikweli:

"Mafaili gani, mama? Mimi hiyo kompyuta sijawahi hata kuigusa. Namba yenyewe sijui kama ninayo. Chukueni! Mlikuwa mnanisubiri mimi?"

Ndugu zangu. Mkubwa waliyekuwa wanamlindia heshima hakujua kama ana kitu cha kulindiwa. Hakukiomba. Hakukihitaji. Walimpa, kisha wakaogopa kumwomba.

Fundi akaandika ule mstari. Sekunde chache tu, hata chai haipoi. Faili likafunguka palepale mezani kwake, na mkunga akayasoma maneno yake mwenyewe, na chini kabisa jina la dawa, limepigiwa mstari. Asichomwe hii. Penisilini inamfaa.

Akavuka uwanja, kandambili moja ikabaki njiani. Alipofika mlangoni mwa wodi aliona watu wengi mno kwenye kitanda kile. Huku nyuma daktari alikuwa amengoja zile dakika tano. Akangoja kumi, akangoja ishirini. Mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka, na daktari akaona hawezi kungoja tena. Alifikiri kama daktari mwenye akili anavyofikiri: dawa inayowakataa watu wengi ni penisilini, basi naiweka kando, nampa hii nyingine. Akampa hii nyingine.

Mama walimpigania nusu saa, wakamrudisha. Mtoto akatoka, wa kiume, mzuri, kilo tatu na nusu. Mkunga mwenyewe ndiye aliyempokea. Akamgeuza, akampangusa, akampulizia, akamsugua mgongo. Akaendelea kumsugua muda mrefu baada ya daktari kumwambia aache. Hakulia yule mtoto.

Na jioni katibu akaandika taarifa kwa bodi. Akaandika kwamba uhamisho umekamilika kwa asilimia mia moja, na kwamba kulitokea hitilafu ndogo ya ruhusa, ambayo ilishughulikiwa ndani ya saa moja.

Hitilafu ndogo!

Sasa naona mnatikisa vichwa. Mmemkasirikia katibu. Wengine mmemkasirikia fundi, msomi gani anahesabu mafaili asiangalie ya nani. Vizuri. Kasirikeni, hasira hiyo naitaka, msiipoteze. Lakini nani humu ameniuliza kwa nini nilikaa ofisini nikatunga habari za hospitali?

Sisi tulihama. Miezi minne iliyopita tuliondoka kwenye lile jengo letu la mabati tukaja humu, na sakafu hii ya vigae, na vipaza sauti hivi. Tulihesabu watu. Mimi mwenyewe nilisimama hapa nikasema kwa majivuno, tumehama wote, hajapotea hata mmoja. Mkapiga vigelegele. Kisha tukaunda kamati mpya, na tulianza na nani? Tulianza na wakubwa. Kamati ya huduma kwa wagonjwa tukampa mzee wetu, mfanyabiashara, mtu mwema, anayesafiri siku ishirini na tano kwa mwezi. Hakuiomba. Tulimpa kwa heshima. Tukaweka na kanuni: asiende mtu kumwombea mgonjwa kwa jina la kanisa bila barua iliyosainiwa na mwenyekiti wa kamati. Tulisema ni utaratibu.

Na Mama Nakijwa je? Yule aliyekuwa anakwenda kwa wagonjwa kwa miguu tangu enzi za mabati, na chupa yake ya uji kwapani, bila kutumwa na mtu? Yupo. Hajapotea. Amekaa pale nyuma, benchi la mwisho, karibu na nguzo. Aliomba barua wiki tatu zilizopita. Barua iko mezani kwa katibu wetu, inasubiri sahihi.

Jumanne iliyopita ndugu yetu Sifaeli alifia hospitali. Siku nne alikuwa akiuliza, Mama Nakijwa hajaja? Manesi wameniambia mimi. Siku nne! Mke wake alikuja hapa kuniuliza, na mimi, mchungaji wenu, mtu niliyesoma, nilimjibu kwa upole kabisa. Nilimwambia, "Tunafuatilia kibali."

Ndiyo hasira yangu. Nimelala nayo siku tano. Nikimtafuta yule katibu wa hospitali nimpige makofi, namkuta amevaa joho langu. Kanuni ile niliisaini mimi. Na ninyi mliinua mikono kuipitisha, msiangalie chini sasa. Mzee wetu yuko safarini, na nilipompigia simu jana akaniuliza kama yule mzee wa kwenye mfano: "Mlikuwa mnanisubiri mimi?" Hapana, baba. Tulikuwa tunajisubiri wenyewe. Tulikuwa tunaogopa kuonekana hatuna adabu, mpaka mtu akatufia mikononi.

Na wale mtakaosema, basi tufungue tu, kila mtu aende kwa kila mgonjwa: hapana! Nawajua baadhi yenu mnavyotoka kumwombea mtu asubuhi na jioni mji mzima unajua anaumwa nini. Sijasema kila mtu. Nimesema mwenye kazi yake, ambaye wagonjwa wenyewe wanamwita kwa jina.

Mama Nakijwa, simama. Simama mama, usione haya, wa kuona haya ni sisi. Kuna binti amelazwa tangu jana, wodi namba mbili, kitanda cha dirishani, na amekuulizia wewe. Hakuna barua, na hakutakuwa na barua. Nenda sasa hivi, usingoje sadaka, usingoje baraka, baraka tutakufuata nayo hukohuko.

Na ninyi wengine msiimbe. Vuteni miguu yenu, mpisheni apite.